Timu Tatu, Jina Moja la Singida

Mazungumzo ya majirani wa Issuna katika jioni ya maadhimisho ya hekalu

 

Kamati ya maadhimisho ilipotutaka tuseme neno kwa niaba ya watu wa Issuna, tuliuliza tuseme juu ya nini. Tukajibiwa kwamba tuchague jambo lolote ambalo ninyi na sisi tumelifurahia pamoja na kulisikitikia pamoja. Tulikaa tukalitafakari. Misiba tumezikana na harusi tumealikana, lakini hayo ni mambo ya nyumba moja moja. Wako kati yenu ambao baba zao waliwahi kuwa na duka kwetu Issuna kabla ya kuhamia mjini, na hao wanajua ni jambo gani lililotukalisha wote katika baraza moja, mwenye duka na mwenye jembe, bila mwaliko na bila kadi. Ni mpira wa miguu. Kwa hiyo tumekuja kuwasimulia habari za mpira wa Singida kama zilivyoonekana kutoka kando ya barabara kuu ya Dodoma, kwa kuwa hapo ndipo tunapokaa, na mengi tuyajuayo yametupitia hapo.

Historia yenyewe ni fupi kwa miaka na ndefu kwa majina. Tangu mwaka 2017 klabu tatu tofauti zimecheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara zikijiita za Singida. Ya kwanza ilitokana na mkoa wenyewe. Ya pili ilitoka Dar es Salaam. Ya tatu ilitoka Mbarali, mkoani Mbeya. Zote tumezishangilia, na hatuoni haya kusema hivyo. Lakini kila ilipoingia nyingine tulirudi kwenye swali lile lile, nalo hatujalimaliza hadi leo: timu inakuwa yetu kwa kitu gani?

Tuanze zamani kidogo. Wazee waliopo hapa watakumbuka enzi ambazo mpira ulitufikia kwa redio tu. Alasiri ya Jumamosi au Jumapili baraza la duka lilijaa. Mwenye duka aliiweka redio dirishani, akaongeza sauti, na hakuna aliyeulizwa kama amekuja kununua kitu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza, nasi tukaona kwa masikio. Mara nyingi waliokuwa wakicheza ni Simba au Yanga. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland, ndiyo Simba ya leo. Tangu hapo vikombe vingi vimekwenda ama Msimbazi ama Jangwani. Watu wa Issuna, ambao wengi wao hawakuwa wamefika hata Morogoro, waligawanyika nusu kwa nusu kwa ajili ya mitaa ya Dar es Salaam wasiyoijua. Baba na mwana waliweza kununiana siku mbili kwa bao lililofungwa mbali na macho yao. Ukilitazama sana jambo hilo ni la ajabu: tulikuwa na timu kabla ya kuwa na uwanja.

Wapo waliowahi kuupenya ukuta huo wa timu mbili. Cosmopolitan ya Dar es Salaam ilichukua ubingwa mwaka 1967, Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Pan African ya Dar es Salaam mwaka 1982, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tungependa kukaa kidogo kwa Pan African, maana bila kuielewa hiyo hatuwezi kuieleza vizuri Singida.

Katikati ya miaka ya 1970 Yanga iligawanyika vibaya. Upande mmoja uliitwa Raizoni, kwa jina la viatu vya soli nene vilivyokuwa fahari ya vijana wakati ule. Upande wa pili uliitwa Kandambili, na kila anayezijua kandambili anajua ni viatu vya nani. Raizoni waliondoka na wachezaji wengi hodari, na kutokana na kuondoka huko ikapatikana Pan African. Ilikuwa timu ya kuogopwa. Taifa Stars ilipokwenda Lagos mwaka 1980, mara ya kwanza kwa Tanzania kucheza fainali za Mataifa ya Afrika, walikuwamo wana Pan African kama kipa Juma Pondamali, Jellah Mtagwa na Leodegar Tenga, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuliongoza Shirikisho la Mpira wa Miguu nchini. Miaka miwili baada ya Lagos wakautwaa ubingwa wa ligi. Leo ukimtajia mtoto wa darasa la saba jina la Pan African atakuuliza hiyo ni kampuni ya nini.

Sababu zake ziko nyingi, na walioishi Dar es Salaam wakati huo watazisema kuliko sisi. Lakini sisi tuna fikra yetu. Wachezaji walihama, wanachama hawakuhama. Kandambili walibaki Jangwani na klabu yao, pamoja na wazee wao, kadi zao, ugomvi wao na nyimbo zao. Timu mpya ilikuwa na miguu iliyo bora kuliko mingi jijini, ila mtaa haikuwa nao, na miguu huzeeka. Tunaomba mlihifadhi jambo hilo, maana tutalirudia.

Sasa tuje nyumbani. Singida United haikuzaliwa jana. Ilikuwapo kwa miaka mingi, iliwahi kuonja daraja la juu, ikaporomoka, ikakaa chini muda mrefu hadi vijana wetu wakawa hawaijui. Msimu wa 2016/17, chini ya kocha Fred Felix Minziro, ikapanda Ligi Kuu pamoja na Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Habari ilipofika kijijini kuna waliodhani ni mzaha. Kisha zikaja fedha. Kampuni ya SportPesa, ambayo mwaka ule iliingia mikataba na Simba na Yanga, iliiweka Singida katika orodha hiyo hiyo. Akaletwa Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyeipa Yanga ubingwa. Wakaja Danny Usengimana kutoka Rwanda, Shafiq Batambuze kutoka Uganda, Tafadzwa Kutinyu kutoka Zimbabwe, na Deus Kaseke kutoka Yanga. Tulikuwa tumezoea kuwasindikiza vijana wetu wanaokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Mwaka ule tuliona watu wanaoacha nchi zao kuja Singida kufanya kazi.

Msimu ulipoanza uwanja wa Namfua ulikuwa katika matengenezo, kwa hiyo mechi za kwanza za nyumbani zilichezwa uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Kwa watu wa mjini hilo lilikuwa pigo. Kwa Issuna lilikuwa neema ambayo haikutarajiwa. Ili timu ya Singida icheze nyumbani, ilibidi ipite kwetu kwenda, na ipite kwetu kurudi. Watoto walizijua siku hizo kuliko kalenda ya shule. Wanaouza mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji pale barabarani walisimama na bidhaa zao kama kawaida, lakini macho hayakuwa kwenye bidhaa. Timu yenyewe iliitwa Walima Alizeti, jina la utani ambalo kwetu halikuhitaji kufafanuliwa, kwa kuwa shamba la alizeti lilianza hatua chache nyuma ya mtu aliyelitamka. Basi likipita na dereva akipiga honi moja, kijiji kilishiba. Siku moja lilisimama. Mchezaji mmoja alishuka akanunua maji na mahindi ya kuchoma, akarudi ndani. Hatukumtambua hata ni nani, ila yule mama aliyemuuzia alikataa kuitumia ile noti kwa wiki nzima.

Mwanzoni mwa Novemba 2017 Namfua ilifunguliwa, na waliokuja kucheza walikuwa Yanga. Matokeo yalikuwa sare ya 0-0. Mtu akisoma hilo leo ataona ni mechi ya kusahauliwa, lakini kwetu ndiyo inayokumbukwa. Tulikwenda na mzee wetu mmoja aliyekuwa Yanga tangu ujana wake, mtu wa baraza la redio. Alivaa fulana ya kijani, kisha akaenda kuketi upande wa Singida, na kwa dakika 90 hakufungua kinywa. Tulipokuwa njiani kurudi tukamuuliza, “Babu, ulikuwa upande gani?” Akatuambia kwamba hajawahi kuiombea sare maishani mwake, na siku hiyo aliiombea.

Msimu ule ulikuwa mtamu. Aprili 2018 Yanga walirudi Namfua katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, na safari hii hakukuwa na nafasi ya sare. Singida United iliwatoa kwa mikwaju ya penalti. Katika nusu fainali ikaitoa JKT Tanzania. Fainali ilichezwa Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, tarehe 2 Juni 2018, dhidi ya Mtibwa Sugar. Banda la video pale kijijini lilijaa hadi watu wakatazama kwa kupitia matundu ya mabati. Mtibwa wakashinda 3-2. Mwezi huo huo timu ikaenda Nakuru, Kenya, kwenye mashindano ya SportPesa, ikamaliza ya tatu. Katika ligi ilikuwa miongoni mwa timu tano za juu. Tulijipa moyo kwamba kombe limekosekana kwa bao moja tu, na kwamba mwaka unaofuata tutalipata.

Mwaka unaofuata haukuwa hivyo. Van der Pluijm alikwenda Azam. Wachezaji nao wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na hatuwalaumu, kwa sababu mchezaji wa siku hizi analishwa na mkataba wake. Zamani mchezaji alikuwa mfanyakazi wa shirika fulani, mpira aliucheza jioni, na hata akikosa timu alibaki na kazi. Wa leo mkataba ukiisha hana kingine, naye ana watoto. Wazee wetu waliokuwa wakiwaita wasaliti tuliwaeleza hivyo, wakanyamaza bila kukubali.

Mei 2019 tulishuhudia jambo ambalo kila tukilisimulia tunatafuta maneno. Simba ilikuja Namfua ikihitaji pointi za kuuhakikisha ubingwa, ikaifunga Singida United 2-0, ikatawazwa pale pale. Nusu ya uwanja ilishangilia, na nusu hiyo ilikuwa ya watu wa Singida. Na mwekezaji wa Simba, kama mnavyojua, ni Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida, aliyekuwa mbunge wa Singida Mjini kwa miaka 10, tangu 2005 hadi 2015. Basi mwana wa Singida alipata ubingwa akiwa Singida, kwa timu ya Dar es Salaam, mbele ya timu ya Singida iliyokuwa ikidhoofika. Hatulisemi hili kwa lawama. Hata sisi tuliokaa upande wa Singida tulikuwa na Simba na Yanga mioyoni mwetu, na kama tungekuwa na mtaji wa mtu yule huenda tungeupeleka huko huko alikoupeleka yeye. Ila tulirudi Issuna kimya, na katika gari lile kulikuwa na waliofurahi wakaogopa kuonyesha, na waliohuzunika wakaona aibu kulia.

Machi 2020 ligi ilisimama kwa sababu ya korona. Ikarejea Juni. Msimu ulipokwisha Singida United ilikuwa miongoni mwa timu zilizoshuka daraja. Wakati ule watu walikuwa na mengine ya kuhofia, na jambo lilipita kama msiba wa mtu asiye na ndugu. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu ipande.

Kisha, mwaka 2022, tukaambiwa Singida imerudi Ligi Kuu. Tulifurahi kwa siku moja kabla ya kuuliza imerudi vipi wakati hatujaiona ikicheza. Ndipo tulipoelezwa. DTB, timu ya benki iliyokuwa Dar es Salaam, ilikuwa imepanda daraja, na sasa ilihamia kwetu na kubadilishwa jina ikawa Singida Big Stars. Kocha akawa van der Pluijm yule yule, kama mtu aliyesahau kofia yake akaifuata. Tutakuwa waongo tukisema tulisusa. Meddie Kagere alikuwamo, na Mbrazili Bruno Gomes, na mpira wao ulikuwa wa kutazamika. Januari 2023 walifika fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, wakafungwa 2-1 na Mlandege. Katika ligi walimaliza nafasi ya nne, wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho barani Afrika. Jina la Singida, ambalo wengi wa Dar es Salaam walilihusisha na kuku tu, likaandikwa katika ratiba ya Afrika.

Hata hivyo kabla ya ratiba hiyo kuanza jina lilikuwa limebadilika tena. Timu iliungana na Fountain Gate, watu wenye shule na vituo vya michezo Dodoma, ikaitwa Singida Fountain Gate. Ikaitoa JKU ya Zanzibar, ikatolewa na Future ya Misri. Mechi zake za nyumbani katika mashindano hayo zilichezwa Dar es Salaam. Kwa mara nyingine tukawa na nyumbani kulikokuwa kwingine, na safari hii basi halikupita Issuna. Katikati ya msimu wa 2023/24 timu ikahamia Mwanza. Msimu uliofuata ikawa Babati, ikiitwa Fountain Gate peke yake. Jina la Singida likavuliwa kama mtu anavyovua jezi ya mazoezi. Yule fundi cherehani wetu aliyekuwa ameshona bendera za Big Stars alituuliza azifanye nini, nasi tukamwambia azihifadhi. Sasa anafunikia magunia ya mahindi.

Wakati Fountain Gate wakiondoka, uwanja haukukaa mtupu. Namfua ilikuwa imekwisha kupewa jina la Liti, jina linalotukumbusha yule mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya wazee yanasema aliwapinga Wajerumani na nyuki wakawa jeshi lake. Hapo Liti ikaingia Ihefu, na kwa msimu wa 2024/25 Ihefu ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars. Hii ndiyo timu ya tatu, na ndiyo iliyotufanya tuache kufurahi harakaharaka.

Ihefu ni jina la ardhi oevu ya bonde la Usangu, kule Mbarali, nchi ya mpunga. Tarehe 29 Novemba 2022 timu hiyo, katika uwanja wake wa Highland Estates, iliifunga Yanga 2-1. Mnaikumbuka siku hiyo. Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza, na nchi nzima ilisubiri ya 50. Walioikatisha hesabu ile hawakuwa Simba wala Azam. Walikuwa timu ya wilayani, mbele ya wakulima wa mpunga. Sisi wa Issuna tulicheka hadi tukashika mbavu, hata baadhi ya watu wa Yanga walicheka, kwa sababu kila mtu wa kijijini alijiona ndani ya ushindi ule.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye timu hiyo ikawa ya kwetu.

Kuna dereva wa lori la mchele atokaye Ubaruku ambaye husimama Issuna kula. Siku moja alikuta vijana wetu wanabishana juu ya mechi ya Black Stars. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, “Ndugu zangu, hiyo timu mnayoitetea sisi ndio tuliilea.” Vijana wakacheka. Mmoja akamjibu, “Kaka, mpira ni biashara, msituonee wivu.” Yule dereva hakukasirika. Aliuliza tu, “Inaendeleaje? Mnakwenda kuitazama?” Hapo kicheko kikakatika, maana alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza habari za mtoto wake aliyeolewa mbali. Tulimwambia tunakwenda tukipata nauli. Akalipa chakula chake akaondoka.

Tangu siku ile hatujaweza kuwa na furaha ya ujinga. Tulipompoteza Singida United tulisema hatukutendewa haki na dunia. Big Stars walipokwenda zao tulisema tumeachwa. Lakini walipokuja hawa wa tatu hatukuuliza wameacha nani nyuma. Kile kilichotuuma kwa Babati ndicho kilichowauma wa Mbarali kwa sababu yetu. Hapo ndipo tunapoirudia Pan African. Waliondoka na miguu wakaacha watu, na watu ndio waliobaki na klabu. Katika zama hizi zetu ni kinyume kidogo: leseni ya kucheza ligi ina mwenyewe, nayo huweza kuhamishwa pamoja na wachezaji, makocha na jezi, wanaobaki nyuma hubaki hata bila klabu. Tunasema hivi huku tukijua kwamba bila wenye fedha hao Singida isingeonekana Ligi Kuu hata siku moja baada ya 2020. Wanachama wa kulipa ada hatukuwa nao. Hatukuwahi kukaa kikao hata kimoja cha kuiokoa Singida United, tulikaa vikao vya kuilaumu.

Pamoja na hayo, haki lazima isemwe. Black Stars wamefanya jambo ambalo wa kwanza na wa pili hawakulifanya. Machi 2025 walifungua uwanja wao wenyewe hapa Singida, unaoitwa Airtel, kwa mechi ya kirafiki na Yanga. Jina linaweza kufutwa ubavuni mwa basi kwa rangi na brashi, na mchezaji anaweza kupanda ndege usiku. Uwanja haupandi basi. Tulipoziona nguzo zile, yule mzee wetu wa fulana ya kijani aliingiza fimbo yake ardhini karibu na ukuta, akaigeuza kidogo, kama anavyopima unyevu wa shamba kabla ya kupanda. Hakusema kitu.

Msimu huo wakamaliza wa nne katika ligi, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa 2-0 na Yanga kule Zanzibar mwezi Juni. Septemba 2025 wakatwaa Kombe la Kagame, ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati, kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan katika fainali. Kisha wakaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Hakuna timu yenye jina la Singida iliyowahi kufika huko. Katika kijiji chetu kuna watoto wa miaka minane, tisa, ambao hawajui kwamba iliwahi kuwapo Singida nyingine. Kwao hii ndiyo timu ya Singida tangu kuumbwa kwa dunia, na wanazozana na wenzao wa Simba na Yanga bila kuinamisha kichwa. Sisi hatukuwahi kuwa na utoto wa namna hiyo, na hatutawaharibia kwa kuwasomea orodha ya majina.

Ila yule dereva wa Ubaruku tumeamua kumwalika. Akipita tena siku ya mechi atalala kwetu, na tutakwenda naye uwanjani, akaione. Tumeona kwamba hilo liko ndani ya uwezo wetu, hata kama mengine hayako.

Na mzee wetu bado anakwenda. Siku hizi ameacha fulana ya kijani; anavaa ile ya Singida United ya mwaka 2018, namba imebanduka nusu mgongoni. Vijana wa Black Stars humtania kwamba amekosea timu. Yeye huketi.

Waheshimiwa, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo.  Kwa wale watakaopenda, gari letu la mechi ijayo ya nyumbani litaondoka Issuna saa 3 asubuhi, na litapita hapa nje ya hekalu kuwachukua wenzetu wa mjini. Tumeacha viti sita. Anayetaka aandikishe jina lake kwa mweka hazina wa kamati kabla ya Ijumaa.